Video za ugomvi mtaani: tulivyoanza kuwafundisha vijana hapa Tanga

Dada, umesema vijana wa hapo Muheza wamepigana mara mbili kwa sababu ya video zilizorushwa kwenye magrupu, na unataka kuanzisha darasa la kuwafundisha kutambua habari za uongo, ila hujui uanzie wapi. Nakujibu kwa yaliyotukuta sisi huku Ngamiani, maana tulikosea kwanza.

Sisi tulianza kwa kikao. Tukaomba ukumbi, wazee wakaja, mazungumzo yote yakawa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: anayesambaza habari anayojua ni ya uongo ili kupotosha watu, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kweli, na kila admini anapaswa kuijua. Lakini waliohudhuria walikuwa wale wapole. Wenye hasira waliposimuliwa walihama, wakafungua grupu jipya lisilo na mtu mzima hata mmoja. Kabla ya kikao tulikuwa angalau tunaona kinachopita. Baada yake tukawa gizani. Kwa hiyo nakuomba sana usianze na vitisho.

Kilichotufungua macho ni usiku mmoja baada ya mechi ya ndondo, soka la mtaani. Vijana wetu walikuwa wamefungwa na timu ya mtaa wa pili, na maneno yalishatoka uwanjani. Saa tatu usiku ikaingia klipu: kijana yuko chini anapigwa fimbo, sura haionekani vizuri. Chini yake ujumbe wa sauti unamtaja kijana wetu mmoja kwa jina: wamemuua, tokeni. Hazikupita dakika kumi, watu wanatafuta marungu. Fundi baiskeli wetu, kijana asiye na maneno mengi, akaomba simu. Akaitazama ile klipu mara tatu, akaisimamisha penye pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya ugomvi. Namba yake ilianza na KM. Akasema, "Pikipiki zetu ni MC. Hii ya Kenya." Kisha akampigia binamu yake anayekaa mtaa ule wa pili. Kumbe aliyesemwa amekufa yuko huko huko, kwa shangazi yake, anakula. Akapewa simu akaongea mwenyewe, spika ikiwa juu, kila mtu akasikia.

Usiku ule hakutoka mtu. Nimeufikiria sana, na naona tuliokolewa na vitu viwili: jicho linalotazama vitu vidogo, na namba ya simu ya mtu wa upande wa pili. Tangu hapo darasa letu linafanyika kijiweni baada ya Isha, na limesimama juu ya hivyo viwili.

Jicho halifundishwi kwa maelezo, linafundishwa kwa mikono. Zoezi letu kubwa ni la dafu. Muuza madafu huegesha baiskeli yake karibu na sisi. Tulimwomba afanye kazi yake kama kawaida, mteja amesimama mbele yake akisubiri. Vijana wawili wakarekodi. Mmoja alisimama ubavuni: dafu, panga na mteja vyote vinaonekana. Wa pili alisimama nyuma ya muuzaji, mahali ambapo mgongo unalificha dafu. Tukaikata hii ya pili ikabaki sekunde 4, tukaondoa sauti. Unachokiona ni panga linapanda juu, na mbele yake mtu kanyoosha mkono kama anayejikinga. Hakuna kilichoghushiwa, yote yametokea kweli. Kijana mmoja, ambaye kila ukisikika ukelele alikuwa wa kwanza kutoka, alikaa kimya kwa muda, akasema, "Kaka, hii ningeiona usiku ningetoka."

Sijawahi kuona mhadhara uliofanya kazi kama hizo sekunde 4. Baada ya hapo maswali wanayauliza wenyewe: kabla ya hapa kulikuwa na nini? Aliyeshika simu alisimama wapi? Nani kaikata, na kwa nini kaikatia hapo?

Mambo ya ufundi hayachukui muda. Kwenye WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 huwezi kuurusha zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Basi mtu akikuletea tukio la "sasa hivi hapa mtaani" na lina mishale miwili, muulize limezungukaje upesi hivyo. Ukiisimamisha video, ukapiga picha ya skrini (screenshot) na kuipeleka Google Lens, inayotafuta kwa picha, mara nyingi unapata ilikotoka. Pia wapo JamiiCheck na Nukta Fakti wanaochunguza uvumi wa hapa Tanzania kwa Kiswahili.

Usiwasahau akina mama. Sauti nyingi zinazowatoa vijana nje zimepitia kwanza kwenye magrupu ya vikoba, hasa zikihusu watoto. Mimi huwasimulia ya India mwaka 2018: klipu ya watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto ilizunguka, na kutokana na uvumi wa aina hiyo watu zaidi ya 20 waliuawa na makundi. Klipu yenyewe ilikatwa kutoka kwenye filamu fupi ya kuhamasisha usalama wa watoto, iliyotengenezwa Karachi, Pakistan. Mwisho wake mtoto anarudishwa. Huo mwisho ndio uliokatwa. Nilipomaliza, mama mmoja alitoa simu akafuta ujumbe mbele yetu.

Darasa haliondoi kinyongo, dada. Mtaa ule wa pili tulikuwa na deni nao la kweli la uwanjani, na ilibidi wazee wakae, tukubaliane kuchukua refa wa mtaa wa tatu. Klipu hushika moto penye kuni kavu, kwa hiyo ulizia kwanza hapo kwenu kuni ni zipi.

Na kabla hujatafuta ukumbi, tafuta vijana wawili kila mtaa wenye ndugu mtaa wa pili, wapeane namba, na wakubaliane kupokea simu hata usiku wa manane. Hilo linawezekana leo jioni.