ASVAB shuleni sio kuandikishwa jeshi

Dada usiogope, kijana wako wa darasa la 11 huko Ohio kuambiwa wanafanya ASVAB haimaanishi ameshaandikishwa jeshi. Ni mtihani wa jeshi la Marekani ndio, ila jeshi lenyewe linasema ni wa hiari, sema shule zingine zinaupanga kama vile lazima, so mpigie mshauri wa wanafunzi leo leo. Kama dogo anataka kuufanya ajue kipaji chake poa, ila muulize huyo mshauri shule imechagua opsheni namba ngapi, maana namba 8 ndo inazuia matokeo yasipelekwe kwa maafisa wa kuandikisha. Jimbo la Maryland walishaweka kwenye sheria tangu 2010 kwamba shule za umma zichague hiyo namba 8.

Halafu hapa wazazi wengi tunachanganya, majina na namba za simu za watoto ni kitu kingine kabisa, jeshi likiomba shule inatoa, mpaka mzazi akatae kwa maandishi. Mistari miwili inatosha: jina la mtoto, sitaki taarifa zake zipewe jeshi, saini, tarehe. Peleka ofisini mwenyewe na ubaki na kopi. Na akiwa na miaka 17 hawezi kujiunga bila saini yako, hilo usikubali mtu akudanganye.