Niger ya Mvua na Niger ya Mchanga

Tangu Niger ianze kutajwa kila kukicha kwenye taarifa za habari, barua za wasomaji zimeongezeka. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi, na majibu yetu.

Niger na Nigeria ni nchi moja iliyogawanywa? Mbona majina yanakaribiana hivyo? (Msomaji, Tanga)

Ni majirani tu, kila mmoja na nyumba yake. Kinachowaunganisha ni mto. Mto Niger una urefu wa kilomita 4,180. Chimbuko lake ni nyanda za juu za Guinea, kiasi cha kilomita 240 tu kutoka bahari ya Atlantiki, lakini mto huu huipa bahari mgongo. Huelekea kaskazini mashariki mpaka ukingoni mwa Sahara karibu na Timbuktu nchini Mali, hukata kona kubwa, hushuka kusini mashariki ukipita Niger na mpaka wa Benin, ndipo uishie katika delta ya Nigeria. Wafaransa walitawala juu, Waingereza wakatawala chini, na kila mkoloni akaipa koloni yake jina la mto uleule.

Jambo la kuangalia ni kwenye fomu. Kifupi cha Niger ni NE, cha Nigeria ni NG. Namba ya simu ya Niger huanza na +227, ya Nigeria +234. Ukikosea herufi moja, kifurushi chako cha Niamey, mji mkuu wa Niger, kitatua Lagos.

Kama nchi ni jangwa tupu, watu wanaishi wapi na wanakula nini? (Msomaji, Eldoret)

Jangwa lipo kweli, karibu nne ya tano ya nchi. Lakini watu, ambao sasa wamepita milioni 25, wamejibana kwenye ukanda wa kusini. Nchi ina kilomita za mraba 1,267,000, yaani inaizidi Tanzania kwa theluthi nzima, na bado wengi wanaishi kwenye utepe mwembamba unaofuata mto na mpaka wa Nigeria: Niamey, Dosso, Maradi, Zinder.

Ukitaka kuielewa Niger, weka ramani ya siasa kando, ushike ya mvua. Gaya, pembe ya kusini kabisa, hupata takriban milimita 800 kwa mwaka. Niamey hupata zaidi kidogo ya 500, kiasi ambacho mtu wa Dodoma anakijua vizuri. Agadez, kwenye lango la jangwa, ni kati ya 100 na 150. Bilma, katikati ya mchanga wa Ténéré, ni milimita chache tu. Na karibu mvua yote hiyo hunyesha kati ya Juni na Septemba. Miezi mingine ni ukavu, na kati ya Machi na Mei joto hupita nyuzi 40.

Mwaka 1961 serikali iliweka kisheria mpaka wa kaskazini wa kilimo: ng'ambo yake ni eneo la wafugaji. Watu walivyoongezeka, mashamba yakauvuka mpaka huo, na hapo ndipo ugomvi wa wakulima na wafugaji hupata kuni kila mwaka. Tunaodhani kila ugomvi wa Sahel, ukanda huu ulio kusini mwa Sahara, ni wa kabila au dini tungeanza kwa kuuliza mvua ilinyesha wapi.

Chakula kikuu ni uwele, kisha mtama na kunde. Uwele husagwa ukawa ugali, uitwao tuwo kwa Kihausa, au hufanywa madonge yanayovurugwa kwenye maziwa, fura. Kwa biashara kuna kitunguu chekundu cha Galmi, kinachosafirishwa kwa malori mpaka nchi za pwani ya Afrika Magharibi. Kando ya mto hulimwa mpunga, na mto wenyewe una kioja chake: hufurika mara mbili. Furiko la kwanza, la maji mekundu, huja Agosti na Septemba kutokana na mvua za karibu. La pili ni maji ya mvua za Guinea yaliyozunguka miezi kadhaa kupitia Mali, nayo hufika Niamey katikati ya kiangazi, karibu na mwaka mpya, bila tone kutoka angani.

Mimi ni mkulima, nimesikia Niger wamerudisha miti na mashamba yaliyokufa. Wanafanyaje hasa? (Msomaji, Kondoa)

Hili tunalijibu kwa urefu, maana lina manufaa shambani kwako. Tatizo la ardhi ya Sahel si uchache wa mvua peke yake. Udongo ukiachwa wazi, matone huupiga ukatengeneza gamba gumu juu, na maji huteleza badala ya kuzama. Kwa hiyo kazi ni kulivunja gamba na kuyakamata maji.

Njia ya kwanza ni mashimo, ambayo wakulima wa mkoa wa Tahoua huyaita tassa. Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, katika mkoa huo, walikwenda Yatenga, Burkina Faso, wakaona wenzao walivyoboresha mashimo ya jadi, wakarudi na ujuzi huo. Shimo lina upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20. Huchimbwa wakati wa kiangazi, udongo ukirundikwa upande wa chini wa mteremko. Tia makonzi mawili ya samadi iliyooza, kisha subiri mvua ndipo upande. Mchwa huvutwa na samadi, hutoboa udongo, na matundu yao ndiyo yanayopitisha maji. Anayechimba bila kutia samadi amechimba bakuli tupu.

Njia ya pili ni nusu mwezi, kwa ardhi iliyokufa kabisa. Chora nusu duara yenye kipenyo cha mita 4, mdomo wake ukitazama juu, maji yanakotoka. Chimba sentimita 15 hadi 25, na udongo uliotoka ujenge tuta kufuata upinde wa chini. Safu ya pili ianze kwenye nafasi zilizoachwa na safu ya kwanza, ili maji yanayoponyoka juu yadakwe chini. Hekta moja huingia takriban 300. Kila moja hupewa samadi kama toroli moja, na hupandwa mtama, uwele au miti.

Makosa ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni kupima mteremko kwa jicho: mdomo ukielekea pembeni, maji hukusanyika upande mmoja na kuvunja tuta. La pili ni kujenga tuta kwa udongo mkavu bila kulishindilia; mvua ya kwanza hulibeba. La tatu ni kuachia mifugo kabla mimea haijashika.

Njia ya tatu wewe wa Kondoa huenda unaijua bila kujua ilikotoka. Ni kisiki hai. Ilianza Maradi miaka ya 1980, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alipogundua kwamba vile vichaka vilivyodharauliwa mashambani vilikuwa miti iliyokatwa ambayo mizizi yake bado hai. Chagua kisiki, bakiza machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, kisha pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Rudia kila msimu. Kusini mwa Niger zaidi ya hekta milioni 5 zimerudi kuwa na miti kwa njia hii. Mti unaopendwa kuliko yote ni mkababu: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauupi uwele kivuli, na hubaki na majani wakati wa kiangazi mbuzi wanapoyahitaji.

Jembe halikutosha, hata hivyo. Zamani mti wa shambani ulihesabiwa mali ya serikali, na aliyeukata alitozwa faini. Mkulima aliona heri aung'oe ukiwa mche. Usimamizi huo ulipolegezwa na mkulima kujiona mwenye mti, ndipo akaanza kuulinda.

Wana urani na mafuta. Kwa nini basi ni maskini? (Msomaji, Lubumbashi)

Urani huchimbwa Arlit, kaskazini, tangu 1971. Tani ya mwamba hutoa kilo chache tu za urani, na unga wa njano unaopatikana lazima usafirishwe kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500 mpaka bandarini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Cotonou, nchini Benin. Mgodi wa pili wa hapo, wa Cominak, ulifungwa Machi 2021 baada ya hifadhi yake kuisha. Juni 2025 serikali ilitangaza kuutaifisha mgodi wa kwanza, wa Somaïr, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Ufaransa. Mafuta yanatoka Agadem, mashariki, na tangu 2024 husafiri kwa bomba la karibu kilomita 2,000 hadi pwani ya Benin.

Sasa hesabu: migodi huajiri maelfu, ilhali mamilioni wanategemea jembe na mifugo. Nchi isiyo na bahari hulipa nauli ya kila mfuko, na ikikosana na jirani mwenye bandari, bomba na lori vyote husimama. Wasomaji wetu wa Katanga hawahitaji kufundishwa hilo.

Nani anatawala sasa? (Msomaji, Bujumbura)

Jenerali Abdourahamane Tiani, aliyempindua Rais Mohamed Bazoum tarehe 26 Julai 2023. Ni mapinduzi ya tano tangu uhuru wa tarehe 3 Agosti 1960. Mengine yalikuwa 1974, 1996, 1999 na 2010. Niger, Mali na Burkina Faso zimeunda muungano wao na zilitoka rasmi ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, ingawa bado zinatumia faranga ya CFA, ambayo thamani yake imefungwa: yuro moja kwa faranga 655.957.

Nikienda huko, Kiswahili kitanisaidia? (Msomaji, Zanzibar)

Mazungumzo hapana, masikio ndiyo. Kihausa, lugha ya zaidi ya nusu ya watu na lugha ya taifa tangu 2025, si cha Kibantu, ila Kiarabu kiligonga mlango wake kama kilivyogonga wetu. Labari ni habari, lafiya ni afya, lokaci ni wakati, hankali ni akili, duniya ni dunia. Asubuhi utaulizwa “Ina kwana?”, umelalaje, jibu “Lafiya lau.”

Tahadhari na siku. Talata itakufanya ufikirie Jumatatu, kumbe ni Jumanne. Wahausa walifuata Waarabu, wanaohesabu kuanzia Jumapili. Sisi tulianza kuhesabu Jumamosi, kisha tukaazima Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni siku ya tano, huku Jumatano tunayo tayari. Ukiwekeana miadi Niamey, taja tarehe.

Ni kweli kuna twiga? (Mwanafunzi, Arusha)

Wapo, Kouré, kiasi cha kilomita 60 kutoka Niamey. Ni twiga wa Afrika Magharibi, weupe kidogo kuliko wenu, na hakuna uzio wala simba: wanatembea kati ya mashamba ya watu na wakati mwingine hula kunde zao. Mwaka 1996 walibaki 49 tu. Uwindaji ulipodhibitiwa waliongezeka mpaka mamia, na mwaka 2018 wanane walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Gadabedji, mamia ya kilomita kutoka hapo, wakaanzishe kundi la pili.