Kwa wanaoanza kwenye mradi wa michezo jumuishi na lishe Mombasa: anzeni na tuktuk na choo

Mkijiunga na mradi wa ushirikiano, chuo kimoja cha hapa Mombasa na viwili vitatu vya ng'ambo, mtakabidhiwa faili nene lenye malengo, ratiba na bajeti. Lisemwalo kwa nadra humo ni mtoto wa kiti cha magurudumu atafikaje uwanjani, na akifika atajisaidia wapi. Anzeni hapo, kabla hamjanunua mpira hata mmoja.

Tuktuk hubeba mchezaji, msaidizi wake na kiti kinachokunjika. Kiti cha michezo kisichokunjika hakiingii, kitafutieni pikapu. Kwa wanaotoka ng'ambo ya Likoni, ambako ndiko iliko Shule ya Vipofu, ongezeni saa nzima kwa ajili ya kivuko, na wapeni vijana wa kusukuma viti kwenye mteremko wa kuingilia feri. Andikeni nauli, chakula na posho ya msaidizi kama kifungu chake katika bajeti. Washirika wa Ulaya mara nyingi huhesabu wachezaji 20 na kulipia watu 20, ilhali watoto 8 kati yao hawatoki nyumbani bila mtu. Kifungu hicho kikikosekana wakati wa kusaini, kukiingiza baadaye ni barua za miezi.

Choo kipimwe kwa utepe wa kupimia, si kwa macho. Mlango unatakiwa uwe na nafasi wazi ya sentimita 80, na ndani kiti kiweze kugeuka. Asiye na choo cha kutumia hanywi maji siku nzima, na kwa joto la Januari hadi Machi hilo ni hatari: figo huumia, maambukizi ya njia ya mkojo hufuata. Aliyeumia uti wa mgongo juu, kifuani au shingoni, hatoki jasho vya kutosha sehemu ya chini ya jeraha, kwa hiyo mwili hupanda joto bila dalili mliyozoea kuiona. Huyo wekeni kivulini, mpulizieni maji usoni na mikononi, na msingoje alalamike.

Vipindi vya nje viishe kabla ya saa tatu asubuhi au vianze baada ya saa kumi alasiri. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu hata hizo saa. Ijumaa mchana msipange kitu. Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda iliyonakiliwa kutoka mwaka jana itawatumbukiza katikati ya mfungo. Mkilazimika kucheza mwezi huo, chezeni baada ya tarawehe, na mchezo uwe wa utulivu.

Sasa mipira. Golboli, mchezo wa wasioona wa kubingirisha mpira hadi golini, una uwanja wa mita 18 kwa 9, wachezaji watatu kila upande, wote wamefungwa macho, na mpira wa kilo 1.25 wenye kengele ndani. Mistari hupapaswa kwa mkono: kamba ya milimita 3 hutandazwa sakafuni, juu yake utepe wa gundi wa sentimita 5. Uwanja wa wazi kando ya barabara haufai, kwa sababu honi za matatu humeza kengele. Hata ukumbini kuna adui: feni za dari. Zikizunguka, mchezaji hausikii mpira mpaka umpige kifuani. Zizimeni wakati wa mchezo. Kanuni zinasema kila kipindi ni dakika 12, lakini ukumbi wa Mombasa bila feni haumvumilii mtu dakika zote hizo. Chezeni dakika 5, washeni feni dakika 3, rudini.

Vitabu vya mafunzo kutoka ng'ambo hushauri mpira wa kawaida ufungwe ndani ya mfuko wa plastiki ili uchakarishe. Msifanye hivyo, wala wageni wasije na mifuko hiyo begini: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Shoneni ganda la kitambaa kigumu, ndani yake njuga sita hadi nane zilizotawanywa. Njuga zikikaa upande mmoja, mpira huyumba na hunyamaza ukibingirika.

Bocha, mchezo wa kurusha mipira ikaribie mmoja wa kulengea, ndio tunaoupendekeza mwanzo, hasa kwa wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Unataka sakafu tambarare ya mita 12.5 kwa 6, mipira sita myekundu, sita ya buluu na mmoja mweupe wa kulengea. Ya kununua ni ghali, na ikitumwa kwa meli inaweza kulala bandarini huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda. Kutengeneza ni kazi ya mchana mmoja. Mpira unatakiwa uwe na gramu 275 hivi na mzingo wa sentimita 27. Mkijaza soksi mchanga mtupu hadi ukubwa huo, uzito utakaribia mara mbili. Kwa hiyo fungeni gramu 200 za mchanga ndani ya kitambaa cha tabaka mbili, zungusheni vipande vya nguo kuukuu mpaka sentimita 27, pimeni kwenye mizani ya duka, kisha ongezeni au punguzeni mchanga kabla ya kushona soksi juu yake. Mchanga wa pwani uoshwe kwanza kwa maji matamu na kuanikwa. Chumvi yake huvuta unyevu, na mpira wa asubuhi unakuwa mzito jioni. Mchele msiutumie, fukusi watauingia.

Asiyeweza kurusha huteremsha mpira kwenye mfereji. Bomba la PVC la inchi 4 likipasuliwa katikati kwa urefu linatosha, kipande cha mita moja na ushei, kingo zikapigwa msasa. Msaidizi wake hukaa ameupa uwanja mgongo na hageuki kutazama. Mchezaji ndiye anayeamua pembe na kimo. Wanafunzi wetu wa kujitolea hushindwa sana hapa. Huruma huwafanya wageuke.

Maputo msiyalete bila kuuliza: watoto wengi waliozaliwa na mgongo wazi (spina bifida) hudhurika na lateksi, malighafi ya maputo, na wakati mwingine vibaya sana. Mwenye ugonjwa wa Down asibingirike kichwa chini miguu juu wala asipige mpira wa kichwa mpaka daktari amekagua shingo yake.

Kwa viziwi, mkalimani awe wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Mgeni anayejua ishara za kwao Ujerumani au Marekani hataelewana nao kwa sababu hizo ni lugha nyingine. Kipindi kirefu kinataka wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 au 30. Kocha aeleze kwanza, anyamaze, ndipo aonyeshe. Jicho haliwezi kutazama mikono ya mkalimani na miguu ya kocha kwa pamoja. Filimbi iambatane na bendera.

Upande wa lishe, kosa kubwa ni kuchukua dodoso la kule na kulitafsiri. Linauliza "sahani yako ilikuwa na wali kiasi gani?" na nyumba nyingi hapa hula sinia moja. Ulizeni nazi ngapi, mchele vibaba vingapi, walaji wangapi, nani alikula kidogo. Tui nalo lina mambo yake: tui la kwanza ni zito la mafuta, la pili jepesi, na jedwali la Ulaya huenda likawa na tui la kopo tu. Tumieni majedwali ya vyakula ya Kenya yaliyochapishwa 2018, na andikeni ni tui gani. Mazungumzo ya chakula cha jana yasifanywe Ramadhani, maana futari na daku haviwakilishi mwaka.

Picha za brokoli na samoni ziondoeni. Wekeni mchicha, mnavu, mbaazi, muhogo, changu, mahamri. Msimkataze mtoto mahamri. Zungumzeni mangapi, na pamoja na nini. Baada ya mazoezi ndizi na maji vinatosha, au viazi vitamu vya kuchemsha. Karanga wasipewe wenye shida ya kumeza.

Uzito wa anayetumia kiti hupimwa akiwa juu yake kwenye mizani ya jukwaa, kisha kiti hupimwa peke yake. Aliyekatwa mguu mzima amepungukiwa na takriban asilimia 16 ya mwili: kilo 50 za mizani gawanyeni kwa 0.84, mpate 59.5, ndipo muulinganishe na urefu. Asiyeweza kusimama wima hukadiriwa urefu kwa kimo cha goti.

Karatasi zina mpangilio wake. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha ofisi ya elimu na mwalimu mkuu. Idhini ya mshirika wa ng'ambo haichukui nafasi ya hizo. Mzazi asaini, mtoto naye aulizwe, na picha ziwe na ridhaa yake mbali. Habari za afya zinalindwa na sheria ya data ya 2019, kwa hiyo majina yabaki hapa na ng'ambo ziende namba.

Kwa mikutano ya mtandaoni, andikeni saa za Nairobi kwa mfumo wa 14:00. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, na hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wiki hizo mbili ndizo watu hukosana.

Masurufu, fedha mnazopewa kabla ya kazi, yarudishwe na stakabadhi kabla ya kuomba mengine. Mama wa viazi vitamu hana mashine ya risiti, basi kubalianeni mapema na ofisi ya fedha kuhusu fomu ya malipo: jina, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Nakala yake itumwe kwa mhasibu wa mshirika kabla ya manunuzi ya kwanza, si wakati wa ripoti.