Parachichi motoni? Tuulizane kwanza moto gani

Swali lenu la juma hili, "Parachichi la kuchovya lichomwe au liachwe bichi?", limenichokoza. Kwetu Tanga jambo hili lilishaleta kimya mezani.

Jibu langu ni bichi. Parachichi likikaa sana motoni huingia uchungu, na uchungu ule hauondoki kwa ndimu. Mwenye hamu ya moshi achome vingine: nyanya nzima, kitunguu maji na ganda lake, kitunguu saumu, pilipili mbuzi. Viungue hadi viwe vyeusi nje, vimenywe, vipondwe kinuni na chumvi, ndipo parachichi lifuate. Hata Meksiko, kwenye asili ya guacamole, ile rojo ya parachichi, nyanya na pilipili za salsa, mchuzi wao wa kuchovya, mara nyingi huchomwa kwenye kikaango kikavu.

Sasa kile kimya. Dada alikuwa anahamia nyumba mpya, na mumewe kajitwika jiko la mishkaki. Nyama ikachelewa. Shemeji kuona wavu uko mtupu, akapasua maparachichi ya Rungwe, yale makubwa ya kienyeji, laini, yenye maji, akayapanga. Makaa hayajakolea, na aliyawasha kwa mafuta ya taa! Mama alikuwa barazani. Mkwe hakemewi mbele za watu, basi akauliza tu: "Baba, huo moto umeshakuwa tayari?" Akajibiwa, "Tayari mama, wewe pumzika." Nusu ya maparachichi ikazama majivuni. Iliyobaki ikapondwa, ikatoka rangi ya saruji. Mama akachovya kipande cha muhogo, akatafuna taratibu sana, akasema, "Moshi upo, mwanangu." Sote macho chini. Shemeji akaona kasifiwa, akamwongeza kijiko.

Lakini niseme yote. Pembeni mwa wavu palikuwa na Hass mbili, zile ndogo za ganda la vipele linalogeuka jeusi likiiva. Zilikuwa bado ngumu kidogo na ziliwekwa mwisho, moto umeshatulia. Nilikula moja kwa chumvi na ndimu, nikanyamaza, maana kuisifu pale kungekuwa kumchochea. Ilikuwa tamu.

Kwa hiyo, kadiri ninavyoandika, naona ugomvi wangu ni na mafuta ya taa zaidi kuliko moto. Haya, lichomwe, mradi ni Hass, gumu kidogo, limepakwa mafuta, upande uliokatwa ukielekea chini, dakika mbili, makaa yakiwa yameota majivu. Tena nusu tu. Nusu nyingine ibaki bichi, isije rojo yote ikawa na ladha ya jiko. Wa gesi wachukue kaa moja jekundu, waliweke kwenye kibakuli cha bati katikati ya sufuria ya rojo, wadondoshee samli na kufunika kidogo, kama wanavyofukiza biriani.

Kwa shemeji, hata hivyo, jibu bado ni bichi.