Acha kuukimbiza mpira

Mdogo wangu uliyekabidhiwa kamera ya chuo wiki hii ukaambiwa Jumamosi kuna mechi, haya ni yako. Nimezipiga picha timu za chuo hapa Mbeya tangu nikiwa mwaka wa kwanza, na hata baada ya kumaliza bado wananiita. Makosa mengi utakayoyafanya Jumamosi nimeshayafanya.

La kwanza ni kuukimbiza mpira. Utauona uko kulia, utakimbilia kulia. Ukifika, winga ameshaupeleka kushoto. Dakika 90 zitaisha una picha 300 za migongo. Halafu Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kama umepanda juzi kutoka Dar, mapafu yatakuonya kabla yangu. Chagua mahali pamoja, kaa, mchezo utakufuata.

Mahali gani? Anza na jua. Uwanja wetu umelala kaskazini kwenda kusini, na mechi zinaanza saa 10 jioni, jua likiwa limeshaelekea magharibi. Video nyingi za kujifunzia zinatoka ulaya na Marekani, huko jua lina njia yake. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 9 hivi. Mwezi wa sita na wa saba jua linazama likiwa limeegemea kaskazini, kwa hiyo msimu wa baridi nakaa upande wa kona ya kaskazini-magharibi, jua mgongoni, na kila anayelishambulia goli la kaskazini ananijia uso ukiwa umewaka. Desemba jua linaegemea kusini, nami nahamia kona ya kusini-magharibi. Huko kuna nyongeza: ukipiga magoti, mlima Loleza unaingia nyuma ya wachezaji badala ya Noah zilizoegeshwa na nguo zilizoanikwa hosteli. Hiyo ni kama mawingu ya masika hayajaufunika, na mara nyingi yameufunika.

Ukishaijua kona yako, mtazame mshika kibendera. Kila mmoja ana nusu yake ya uwanja, na wawili hao wako pande tofauti. Maana yake kila goli lina kona moja ambayo mshika kibendera anapita mbele yako muda wote, na nyingine iliyo huru. Kama kona ya jua ndiyo yake, usikae kwenye mstari wa pembeni. Zunguka ukae nyuma ya mstari wa goli, mbali kidogo na nyavu, umwachie golikipa nafasi yake.

Hili nililijulia Iringa. Tulisafiri na Coaster kupitia Makambako na Mafinga, tukafika tumechoka, nikajibwaga pembeni mahali penye kivuli bila kutazama chochote. Dakika za mwisho, ngoma droo, wetu akapiga shuti la mbali. Kwanza nilikuwa nimeinamia kioo cha kamera nafuta picha mbovu, kwa sababu memori kadi ilikuwa moja na ilikuwa imejaa. Nikasikia kelele, nikainua kamera, nikabonyeza. Nilichopata ni mgongo wa mshika kibendera, jasho limechora ramani kwenye jezi yake, na kwa mbali kabisa mikono ya watu hewani. Usiku nahodha akaja kitandani kwangu: "Kaka, umeipata ile?" Nikamwambia betri ilikata. Sikulala vizuri.

Tangu siku hiyo natembea na kadi mbili, na sikitazami kioo mpira ukiwa unachezwa. Hata ukitoka nje sitazami, kwa sababu mpira wa kona ukiandaliwa ndipo mabeki wanaposhikana jezi na kutukanana kwa macho. Kuangalia kioo ni wakati wa mapumziko.

Upande wa mitambo nitakwenda haraka, maana ndiko wanaoanza wanakopotelea. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde. Mwanga ukipungua, usishuke chini ya 1/500. Jioni ya ukungu pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, mpaka 1600 au 3200 bila kuogopa. Picha yenye chengachenga inasameheka, iliyotikisika haisameheki. Fokasi iwe ile inayomfuata mtu anayetembea: kwenye Canon imeandikwa AI Servo, kwenye Nikon AF-C. Lenzi ndogo ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera inatosha kwa benchi, mashabiki na shangwe. Ya 55-250 ya mtumba itakupa uwanja. Ile nyeupe kubwa ya 70-200 unayoiota, kwa bei yake mpya unanunua bodaboda ukabaki na chenji. Isubiri.

Ila kuna jambo moja la mwanga sitalipita. Kamera haijui ngozi yetu. Inachofanya ni kutafuta wastani wa kila kinachoonekana, na timu ikivaa jezi nyeupe, au ukipiga kuelekea angani, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Jezi inatoka safi, uso unatoka kama mkaa. Ongeza kipimo cha mwanga kwenye ile alama ya +/-, +0.7 hivi, kisha tazama uso peke yake. Jezi ikiungua kidogo hakuna atakayelalamika. Mama wa mchezaji haitafuti jezi kwenye picha.

Baridi ya mwezi wa saba inanyonya betri. Ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mvua ikikukuta, mfuko mzuri kuliko yote ni ule wa nailoni ngumu unaouziwa shuka mpya; toboa tundu la lenzi, funga kwa rababendi. Zamani tulitumia rambo, ile mifuko ya plastiki, lakini tangu Juni 2019 zipigwe marufuku tumejifunza kutunza mifuko ya shuka.

Sasa mpira wa pete. Watakwambia uende kwenye soka, kina dada watampata mtu wa simu. Kataa. Picha zangu tano bora, tatu ni za mpira wa pete. Kiwanja ni kidogo, mita 30.5 kwa 15.25, hata lenzi fupi inafika. Halafu sheria zake zinakutabiria picha. Mwenye mpira hana ruhusa ya kukimbia nao wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Hesabu: moja, mbili, bonyeza. Wanaofunga ni wawili tu, GS (goal shooter) na GA (goal attack), herufi ziko kifuani, na wanafungia ndani ya nusu duara. Anayezuia lazima awe angalau mita 0.9 kutoka kwa mfungaji, kwa hiyo analala mbele, kisigino kimeinuka, mkono umenyooka mpaka vidole vinatetemeka, na mwenzake amenyanyua mpira juu ya kichwa, kimya, anaitazama pete. Ukikaa nyuma ya anayezuia, mkono wake utaufunika uso wa mfungaji kila mara. Kaa ubavuni mwa nusu duara, uwapate wote wawili kwa pembeni, na ile nafasi ndogo kati ya vidole na mpira.

Na hapa nisikilize vizuri. Kwenye picha za kina dada, na za wanaume pia, kuna nyingine zitatoka na mkao ambao mtu hangependa uonekane. Sketi imepanda, bukta imevutwa. Futa mwenyewe kabla hujainyanyua kamera kumwonyesha mtu. Nimewahi kumwona mwenzetu akizirusha kwenye grupu kwa utani; msimu uliofuata dada wawili hawakurudi kikosini. Aliyeumia pia, akiwa chini analia, shusha kamera mpaka ajue hali yake. Akiinuka kwa kuegemea bega la mpinzani, hapo piga.

Kabla ya mechi nenda kwa kocha na daftari, umsalimie, uandike namba za jezi na majina, na umwombe mchezaji mwenyewe akutajie herufi za jina lake. Huku kwetu timu moja inaweza kuwa na watu watano ambao majina yao yanaanza na Mwa-, na ukimbandika mmoja jina la mwenzake utaitwa hivyo wewe mpaka mwisho wa muhula. Mzee anayetunza uwanja usimpite bila shikamoo. Ndiye anayejua geti lipi linafunguka, na siku moja aliniazima koti lake la mvua nikaifunika kamera, yeye akalowa.

Filimbi ya mwisho ikipulizwa, ndipo kazi inapokolea, na ndipo wengi wanapofunga mabegi. Baki dakika 15. Mtazame golikipa aliyefungwa anavyovua glovu, kidole kimoja kimoja. Tazama benchi. Wale wasioingia hawana picha kabisa msimu mzima, na nao walivaa jezi, walipasha misuli, walikaa kwenye baridi.

Usiku huohuo chagua picha 20 kati ya hizo 600. Ishirini tu, ukizituma zote wanaichoka kazi yako. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, ukizituma kama picha zinaminywa na kupoteza ubora. Ziwafike kabla ya saa 4, watu wakiwa bado macho na bando halijakata. Ya golikipa wa akiba, aliyejifunika shuka ya kimasai pale benchini, usiiweke grupu. Mtumie inbox. Wangu alinijibu kwa neno moja, "Kaka", na kesho yake nikaikuta kwenye profaili yake.