Jibu: Sukuma wiki kwenye magunia baada ya kiwanda kupunguza watu

Pole, ndugu. Umeuliza kama magunia matatu uani yatatosha mboga ya watu watano sasa kwa vile kiwanda kimekupunguza na ushonaji umehamishiwa nje ya nchi. Sukuma wiki ya magunia hayo itapunguza sana kununua mboga, ila unga na mafuta utaendelea kununua. Kwa hiyo usimalizie kiinua mgongo kwenye bustani.

Tumia gunia la kilo 90. Changanya udongo debe mbili kwa samadi iliyooza debe moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo ukiwa mfinyanzi, ongeza mchanga nusu debe.

Kazi yenyewe iko katikati ya gunia: nguzo ya mawe ya kupitisha maji. Simamisha kopo lililotolewa kitako na mfuniko, lijaze mawe ya ukubwa wa ngumi, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu na urudie mpaka karibu na mdomo wa gunia. Wengi huweka kokoto ndogo, zinaziba kwa tope, maji yanabaki juu na miche ya chini inakauka. Maji yamwage juu ya mawe, polepole, asubuhi.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, sentimita 20 kati ya moja na jingine, kisha panda humo miche yenye majani manne, jioni. Vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza majani) wakiingia chini ya majani, nyunyizia maji ya sabuni kidogo. Anza kuchuma majani ya chini baada ya wiki tano hivi, ukiacha manne au matano juu kila mara.