Kuukwepa Hormuz si sawa na kuikwepa Bab el Mandeb

Kaka, umeuliza kwa nini meli za mafuta za Kuwait zisizunguke Afrika kuukwepa mlango-bahari wa Hormuz, kama nyingine zilivyoikwepa Bab el Mandeb. Angalia ramani tena. Bahari ya Shamu ina milango miwili, Bab el Mandeb kusini na Mfereji wa Suez kaskazini, kwa hiyo ni njia ya mkato tu. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, nyingi zilipitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ilirefuka kwa siku 10 hivi, lakini zilifika.

Ghuba ya Uajemi ni chupa. Shingo yake ni Hormuz, kama kilomita 33 penye wembamba zaidi, Iran huku na Musandam ya Oman kule. Kuwait, Bahrain na Qatar hazina pwani nyingine. Imarati wana bomba hadi Fujairah, nje ya mlango. Saudia inalo la kwenda Yanbu, bandari ya Bahari ya Shamu, ingawa mafuta hayo yakielekea Asia yanakutana na Bab el Mandeb ileile! Gesi ya kimiminika ya Qatar nayo hupakiwa melini Ras Laffan, ndani kabisa ya chupa.